Farrokh wa Unguja na Siku ya Masharubu

Kama mlikuwepo uwanjani ile Ijumaa ya mwanzo wa muhula wa tatu, bila shaka mngali mnakumbuka jinsi Mwalimu Mkuu wetu, mama mzima na heshima zake, alivyosimama gwarideni na masharubu meusi ya mkia wa ng'ombe yamebandikwa juu ya mdomo. Lo! Tulicheka mpaka mbavu zikatuuma. Wengi wenu mlilipa shilingi ishirini zenu, mkacheka, mkarudi madarasani bila kujua masharubu yale yalikuwa ya nani. Mwenyekiti wa chama amenipa kurasa hizi nieleze, nami nimeishika kalamu.

Si mnajua kwamba kila mwaka jarida letu huandika maisha ya marehemu mmoja mashuhuri? Mwaka juzi tuliandika habari za Shaaban Robert, na mwaka jana zikawa za Mekatilili wa Menza. Mwaka huu nilipotaja jina la Freddie Mercury mkutanoni, wenzangu waliguna. Eti Mzungu anatafuta nini katika jarida la Kiswahili? Nikawajibu kwamba huyo si Mzungu, ni mzaliwa wa Unguja, kisiwa ambacho lahaja yake ndiyo iliyofanywa msingi wa Kiswahili Sanifu tunachotahiniwa nacho. Basi chumba kikanyamaza, mwalimu mlezi akacheka, nami nikapewa kazi.

Jina alilopewa na wazazi ni Farrokh Bulsara. Alizaliwa Mji Mkongwe tarehe 5 Septemba 1946, enzi za Sultani Khalifa bin Haroub, wakati Unguja na Pemba zilikuwa chini ya himaya ya Waingereza. Baba yake, Bomi, alikuwa karani wa fedha katika serikali ya kikoloni. Mama yake aliitwa Jer. Walikuwa Waparsi kutoka Gujarat huko India, watu wa dini ya kale ya Zoroasta, na Unguja walikuwa wachache sana. Si Waarabu, si Waswahili, si Wahindi wa misikiti wala wa mahekalu ya Kihindu. Nadhani mtoto aliyekulia katika kikundi kidogo namna ile hujifunza mapema kwamba mambo ya nyumbani hayasemwi barazani. Hilo ni wazo langu tu, msinishike shati.

Alipokuwa na umri wa miaka minane hivi alipakiwa melini akapelekwa shule ya bweni ya St Peter's huko Panchgani, India. Ninyi mnaolia mama zenu wakiondoka siku ya kwanza ya kidato cha kwanza, hebu fikirini: bahari nzima katikati, na likizo nyingine hurudi nyumbani. Huko ndiko alikoanza kuitwa Freddie. Alikuwa na meno manne ya ziada nyuma kinywani, nayo yaliyasukuma ya mbele yakatokeza nje, wenzake wakampachika jina la utani. Nimetazama picha zake nyingi, na katika nyingi hizo utamwona akifunika mdomo, kwa mkono au kwa mdomo wa juu. Hata alipokuwa tajiri wa kuweza kununua meno mapya kila siku hakuyang'oa, maana aliogopa sauti yake ingeharibika. Shuleni humo alijifunza piano, na mwaka 1958 yeye na wenzake wakaunda bendi iliyoitwa The Hectics, wakawa wanawatumbuiza wanafunzi.

Alirudi Unguja mwaka 1963, kijana wa miaka kumi na sita. Hakukaa sana. Tarehe 12 Januari 1964 yakatokea Mapinduzi, serikali ya Sultani ikaangushwa, watu wengi wakauawa na wengine wakakimbia na walichoweza kubeba. Familia ya Bulsara ilikuwa miongoni mwa waliokimbia. Wakaenda Uingereza, wakapata nyumba ndogo Feltham, karibu na uwanja wa ndege wa London. Baba aliyekuwa na cheo na watumishi akaanza upya. Freddie hakupenda sana kusimulia habari za Unguja baada ya hapo, na sijasikia wimbo wake hata mmoja wa Kiswahili. Jambo hilo liliniuma kidogo, nikiwa katibu wa chama hiki! Lakini katika ule wimbo wake mkubwa wa mwaka 1975, Bohemian Rhapsody, katikati ya makelele yale ya kwaya, mna neno moja la Kiarabu ambalo kila mtoto wa Pwani hulitaja kabla ya kutia tonge kinywani. Usikilize utalisikia.

Safari yake ya kupanda ngazi nitaipitia haraka, kwa sababu wapenzi wa muziki wanaijua kunishinda. Alisomea uchoraji katika chuo cha Ealing, akamaliza mwaka 1969. Aliuza nguo kuukuu katika soko la Kensington pamoja na rafiki yake Roger Taylor, mpiga ngoma. Mwaka 1970 wao wawili na mpiga gitaa Brian May wakaanzisha bendi ya Queen, na mwaka uliofuata akaingia John Deacon. Jina la bendi alilichagua Freddie, nembo yake akaichora yeye mwenyewe kwa mkono, na jina la Bulsara akaliacha akajiita Mercury. Bohemian Rhapsody ilikaa nambari ya kwanza Uingereza wiki tisa, ingawa ilikuwa na takriban dakika sita na wajuzi walisema redio hazingepiga wimbo mrefu hivyo.

Sitamsifu bure. Mwezi wa Oktoba 1984 Queen walikwenda kupiga muziki Sun City, katika Bophuthatswana, mojawapo ya zile nchi bandia za makaburu, wakati wasanii wa dunia walikuwa wamehimizwa wasikanyage Afrika Kusini mpaka ubaguzi wa rangi uishe. Mzaliwa wa Afrika, aliyekuwa mkimbizi, akaenda kuwaimbia kule! Chama cha wanamuziki cha Uingereza kiliwatoza faini. Mwalimu wetu wa Historia aliposoma rasimu yangu alipigia mstari hapa mara mbili, akaniambia nisilifute jambo hili hata kama linamharibia shujaa wangu. Sikulifuta.

Mwaka uliofuata lakini, tarehe 13 Julai 1985, mtu yule yule alisimama kwenye harambee ambayo huenda ndiyo kubwa kuliko zote zilizowahi kuonekana kwenye televisheni. Njaa ilikuwa imewaua watu wengi mno Ethiopia. Bob Geldof na Midge Ure wakawakusanya wanamuziki siku moja, jukwaa moja Wembley, London, na jingine Philadelphia, Marekani, ili watu watoe pesa. Mimi nimezoea harambee zetu, ambapo mgeni wa heshima hutoa bahasha, jina lake likatangazwa kwa kipaza sauti, na mama muuza mboga aliyetoa hamsini hatajwi. Siku ile ilikuwa vingine, kwani mtu alitoa akiwa kwake, kwa kupiga simu. Queen walipewa kama dakika ishirini tu. Freddie akatoka na fulana nyeupe isiyo na mikono, jinzi, ukanda mkononi, na masharubu yale. Akaimba sauti peke yake bila ala yoyote, na watu zaidi ya elfu sabini uwanjani wakamjibu, akaongeza, wakamjibu, kama mtambaji wa hadithi na watoto wake. Kila anayeandika habari za siku ile husema yeye ndiye aliyetia fora.

Sasa tuingie kwenye kiini cha habari.

UKIMWI ulianza kutambuliwa na madaktari Marekani mwaka 1981. Kenya mgonjwa wa kwanza alitambuliwa mwaka 1984. Mwaka 1982 huko London alifariki kijana aliyeitwa Terrence Higgins, miongoni mwa Waingereza wa kwanza kufa kwa ugonjwa huu, na marafiki zake wakaanzisha mfuko wenye jina lake ili wengine wasife bila habari. Wakati ule watu walikuwa wanaogopa hata kikombe alichonywea mgonjwa. Magazeti yaliandika kana kwamba ugonjwa ni hukumu ya mahakama. Dawa ya kwanza, AZT, ilikubaliwa mwaka 1987, nayo peke yake haikutosha. Ni mwaka huo huo wa 1987 ndipo Freddie alipoambiwa na daktari kwamba ana virusi.

Hakusema. Walijua wachache wa nyumbani, na baadaye wenzake wa bendi, nao wakafunga midomo. Alikuwa na nyumba kubwa mtaani Kensington yenye ukuta mrefu na bustani, na kadiri alivyokonda ndivyo waandishi wa magazeti walivyozidi kupiga kambi nje ya lango na kamera zao. Alikana. Wenzake walikana kwa niaba yake. Na muda wote huo alikuwa anafanya kazi! Mwaka 1988 alitoa santuri ya Barcelona na mwimbaji wa opera wa Kihispania, Montserrat Caballé. Mwaka 1991 ikatoka Innuendo. Alikuwa akienda Montreux, Uswisi, kurekodi siku anazojisikia na nguvu, anaimba kipande, anapumzika. Katika picha za mwisho za video, za mwezi wa Mei 1991, amepakwa poda nene na bado mifupa inaonekana.

Tarehe 23 Novemba 1991 ikatolewa taarifa fupi kwa magazeti kwamba ni kweli, ana UKIMWI, na kwamba aliificha habari hiyo ili kulinda faragha ya watu walio karibu naye. Siku moja tu baadaye, jioni ya tarehe 24, akafariki nyumbani kwake kwa homa ya mapafu iliyoletwa na ugonjwa huo. Alikuwa na umri wa miaka 45. Mazishi yake yaliongozwa na makasisi wa Kizoroasta, kwa sala za kale za wazazi wake, mwili ukachomwa, na mahali majivu yalipowekwa hapajatangazwa mpaka leo.

Kuna sentensi moja ambayo mwalimu mmoja alinishauri niiruke. Freddie aliishi miaka kadhaa na mwanamke aitwaye Mary Austin, ambaye alimrithisha nyumba na sehemu kubwa ya mali yake, na baada ya hapo wapenzi wake wakawa wanaume. Wa mwisho wao, Jim Hutton, alimuuguza mpaka saa ya mwisho. Nimeiacha sentensi hiyo kwa sababu habari hii yote ni ya jambo lililofichwa, na ningeona haya kuiandika huku nami nikificha. Halafu wapo wanaoishika sentensi kama hiyo wakasema kumbe ugonjwa ni wa watu fulani. Huku kwetu Afrika virusi vimeenea zaidi kati ya wanaume na wanawake, wakiwemo waliofunga ndoa kanisani na msikitini, na watoto wengi walivipata tumboni mwa mama, wakati wa kuzaliwa au katika kunyonya, kabla hawajajua dhambi ni nini.

Mwenzangu mmoja wa kidato cha nne, ambaye asili ya kwao ni Uganda, alinibishia vikali. Akasema kama ni mwanamuziki na UKIMWI, ningemwandika Philly Lutaaya. Ana haki. Lutaaya alikuwa nyota wa Uganda aliyekuwa akiishi Sweden. Mwaka 1989 alirudi kwao akatangaza mbele ya watu kwamba anao ugonjwa, akiwa mtu mashuhuri wa kwanza nchini mwake kufanya hivyo. Kuna waliodhani anatafuta umaarufu. Akazunguka mashuleni na makanisani akiongea na vijana, huku anadhoofika mbele ya macho yao, mpaka akafariki tarehe 15 Desemba 1989 akiwa na miaka 38. Yule alisema mapema, huyu alisema siku ya mwisho. Mwenzangu anasema mmoja ni jasiri na mwingine mwoga. Mwaka jana hata mimi ningekubali. Mwaka huu siwezi, na sababu yenyewe iko hapa hapa shuleni.

Mnaijua ile habari ya muhula wa pili mwaka jana. Sitataja jina, na nawaomba mnaolijua msilitaje. Kulikuwa na ukaguzi wa mabweni, masanduku yakafunguliwa hadharani, na katika sanduku la msichana mmoja wa kidato cha pili ikapatikana chupa ya vidonge ndani ya soksi. Aliyeipata aliisoma kwa sauti. Kufikia chakula cha jioni shule nzima ilikuwa inajua. Mezani watu walisogea, kikombe chake kikaachwa peke yake kwenye trei, kisha mtu akatunga jina, jina likachekwa. Nilikuwa meza ya pili. Sikutunga jina lile, lakini nilicheka pamoja na wengine, na aligeuka akaniona nikicheka. Siku ya tatu mama yake alikuja na pikipiki, wakafunga sanduku kwa kamba, wakaondoka. Hajarudi.

Msichana yule alizaliwa na virusi. Alikuwa anameza dawa yake kila siku saa tatu usiku bila kukosa, ndani ya choo, gizani, na alikuwa na afya kuliko mimi. Sasa niambieni, angetusimulia sisi? Ndiyo maana nikisoma habari za Freddie na ukuta wake mrefu wa Kensington, mdomo wangu unakuwa mzito kumwita mwoga. Sisi tulikuwa wale wenye kamera langoni.

Alipofariki, wenzake hawakukaa kulia tu. Desemba ile ile 1991 Bohemian Rhapsody ilitolewa upya, na mapato yake, zaidi ya pauni milioni moja, yakaenda kwenye ule mfuko wa Terrence Higgins niliowatajia. Tarehe 20 Aprili 1992 wakafanya tamasha la kumkumbuka pale pale Wembley, uwanja ukajaa tena zaidi ya watu elfu sabini, na katikati ya magitaa akapanda jukwaani mwigizaji mzee Elizabeth Taylor kuwaeleza vijana wajikinge na UKIMWI. Kwa pesa za tamasha hilo May, Taylor na meneja wao Jim Beach wakaanzisha Mercury Phoenix Trust. Mfuko huo tangu 1992 umesaidia mamia ya miradi katika nchi zaidi ya hamsini, nyingi ya miradi hiyo ikiwa midogo, ya vikundi vya mitaani na vijijini vinavyowafundisha vijana kujikinga. Na wale wale waliokwenda Sun City, mwaka 2003 walikuwa Cape Town wakipiga muziki katika tamasha la Nelson Mandela dhidi ya UKIMWI, lililoitwa 46664 kwa nambari yake ya jela. Mwalimu wa Historia aliniongezea kwamba Januari 2005, mwanawe Mandela, Makgatho, alipofariki, mzee alitoka mwenyewe akatangaza kwamba ni UKIMWI uliomuua, ili usifichwe.

Lakini lililonivuta zaidi si matamasha, kwa maana sisi hatuna Wembley. Ni ile siku ya kawaida, ambayo mfuko ulianza kuihimiza mwaka 2010. Karibu na tarehe ya kuzaliwa kwake, mtu popote alipo, kiwandani, ofisini, darasani, hujivika kama Freddie siku nzima na kuwaomba watu wamchangie. Wengi hubandika masharubu tu. Pesa hizo ndizo huendea vikundi hivyo vidogo. Niliposoma hayo nilifunga kitabu nikakimbia kwa mwalimu mlezi, nikamkuta anakula githeri, nikamweleza nikihema.

Msidhani lilipita kirahisi. Wapo wazazi waliosikia wakapiga simu ofisini, na padri mmoja na maalimu mmoja wakakubaliana kwa mara ya kwanza nijuavyo mimi! Walisema shule haiwezi kumsherehekea mtu wa mienendo ile. Hata Unguja kwenyewe, mwaka 2006, sherehe ya kutimiza miaka sitini tangu azaliwe, iliyopangwa kwenye mkahawa wenye jina lake ufukweni, ilifutwa baada ya kikundi cha dini kupinga. Sikuwadharau waliopiga simu. Mmojawao ni baba yangu mwenyewe. Nilikwenda nyumbani wikendi moja nikamsimulia habari ya soksi na vidonge, akanyamaza muda mrefu, kisha akaniuliza kama mtoto yule anaendelea na masomo mahali popote. Nikamwambia sijui. Jumatatu akanipa shilingi mia tano, akasema hizo si za Mwingereza huyo, ni za mtoto.

Tukakubaliana kwa njia ya kati. Hatungemsherehekea mtu, tungechangisha pesa, na siku ikaitwa Siku ya Masharubu. Mwanafunzi shilingi ishirini, mwalimu mia mbili, na atakayekataa kuvaa masharubu alipe mara mbili. Mwalimu wa Hisabati akakataa, akalipa, kisha akavaa vilevile. Wapishi wakavaa. Mlinzi wa lango, ambaye ana masharubu ya Mungu, akadai alipwe yeye. Kinyozi wa sokoni alitupa nywele bure, na mchinjaji mikia. Tulibandika kwa uji wa ngano, na wengine wakajichora kwa makaa. Wauza mandazi walioko nje ya ua walileta sarafu zao kwenye kopo la majani ya chai. Jioni bursa alihesabu mbele yetu: shilingi 27,360.

Mnaweza kusema ni pesa kidogo. Ziliwaleta hapa vijana wanne wa kikundi cha waelimishaji wa kituo cha afya, Jumamosi tatu mfululizo, nauli na chakula cha mchana, na zikawapeleka pia shule mbili za jirani ambazo hazina hata ukumbi. Mlikuwepo. Mliwasikia wakieleza kwamba virusi haviambukizwi kwa sahani, kikombe, godoro wala kukumbatiana. Mliwasikia wakieleza kusubiri, na kondomu, na kupimwa, bila kupinda maneno, mpaka walimu wengine wakatazama dari. Mmoja wao alisema anaishi na virusi tangu azaliwe, na kwamba mtu anayemeza dawa vizuri hadi virusi visionekane tena kwenye kipimo hamwambukizi mpenzi wake. Ukumbi ukawa kimya kabisa. Dawa za mchanganyiko zilianza kuwafaa watu nchi tajiri mwaka 1996, miaka mitano tu baada ya Freddie. Kenya, ambako Rais Moi alikuwa ameutangaza UKIMWI kuwa janga la taifa mwaka 1999, zikawa za bure katika hospitali za serikali mwaka 2006. Nilipiga hesabu ile nikiwa nimekaa kwenye benchi: angekuwa hai mwaka 1996 angekuwa na miaka hamsini.

Nyumba inayosemekana ndiyo waliyokuwa wakiishi akina Bulsara ipo Mji Mkongwe, katika mtaa wa Shangani. Tangu Novemba 2019 imekuwa makumbusho, na barabara inayopita mlangoni pake inaitwa Kenyatta. Chama kimeomba safari ya huko. Bursa ametujibu kwamba tuanze na kulipa deni la jarida la mwaka jana.

Katika ile 27,360 zilibaki 4,150. Kulikuwa na mabishano, wengine wakitaka fulana za chama. Mwishowe fundi wa hapa mjini alituchongea kabati lenye milango miwili na kufuli, nalo limewekwa chumbani kwa matroni. Mwenye dawa ya pumu, ya kifafa, ya sukari au ya chochote kile anaiweka humo katika mfuko wa kitambaa usio na jina ila nambari, na saa tatu usiku mlango unakuwa wazi. Masanduku hayafunguliwi tena hadharani. Mimi mwenyewe huenda kumeza vidonge vya mzio, na hupanga foleni na wenzangu saba, na hakuna anayemuuliza mwenzake.

Nimeandika barua mbili kwa msichana yule nikazichana. Likizo ya Novemba basi letu hupitia kijijini kwao, na nakala moja ya jarida hili nimeshamwekea. Mama yake amekubali nije.